Kiwele cha Ng'ombe wa Mjane

Jumatano, tarehe kumi na mbili Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mjane mmoja aliyekuwa amekaa eda alimkamua ng'ombe wake, maziwa yakatoka mabonge-mabonge. Ng'ombe yule mumewe alimlea tangu ndama. Mjane akajiuliza: huyu naye akienda, nitabaki na nini?

Hakutulia. Akamtuma wifi yake alete mabomba ya dawa ya kuingiza chuchuni. Akazifuta chuchu zote nne kwa upindo wa kanga, akasindilia dawa. Jioni tena. Kesho yake tena, kali zaidi. Kiwele kikazidi kuwa kigumu na cha moto.

"Wifi, umeshalimwaga duka zima humo!" akasema yule aliyetumwa.

"Niache! Nisipofanya kitu nitapasuka."

Mwishowe akaja daktari wa mifugo, binti mwenye buti za mpira. Akachukua maziwa, akayapeleka kupimwa, akarudi.

"Mama, hii ni fangasi. Dawa ulizotia haziiui, zinaistawisha."

"Imeingiaje?"

"Chuchu ulizisafisha kwa kitu gani kabla ya kutia dawa?"

Mjane akaitazama kanga yake. Marehemu alikuwa akichemsha maji kwanza.

"Basi nipe dawa nyingine, mwanangu."

"Dawa ni kuacha dawa. Nawa mikono, umkamue mpaka yatoke yote. Uyamwage."

"Halafu?"

"Halafu unamkamua tena, mama."

Akaketi. Akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akakamua. Na pale, waumini, ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazikoni. Akawa analia na kukamua, kutwa mara nyingi. Chuchu moja ilikauka, haikurudi. Tatu zikapona.

Sasa sisi je? Jirani akifiwa, hatumkimbilii na maneno? "Kaza moyo! Usilie! Utaolewa!" Kila mmoja na bomba lake, nani kanawa mikono? Nani kakaa naye, akamwacha atoe yaliyomo, na kesho akarudi kukaa tena? Tunaita subira, kumbe tunaziba. Hatukukatazwa chozi, ndugu zangu. Na sisi tuliozika mwaka huu, tuache kusindilia.

Ewe Mola, msamehe yule aliyechemsha maji kabla ya kumgusa mnyama wako. Wasamehe wetu tuliowafukia kwa mikono hii. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru, na utujalie kuwalilia bila kukunung'unikia. Amin.