Mlango wa Kaa

Kijito kilikauka Jumatatu, saa nne asubuhi. Kufikia saa sita maji yote yalikuwa yamezama chini ya mchanga na kokoto, na wakazi wake wadogo walikuwa kwenye foleni mbele ya shimo la Kaa.

Uduvi alikuwa wa tisa. Tumboni alibeba mayai arobaini. Yakikauka, basi.

"Mlango ni huu mmoja," Kaa alitangaza, magando juu. Hakuna aliyemchagua. "Anayeshuka kwenye maji aniachie cha kula."

Konokono, mwoga tangu azaliwe, aliacha mayai yake yote akashuka bila kuaga. Waliomfuata nao wakaacha. Zamu ya Uduvi ilifika Jumanne asubuhi.

"Na wewe, mama?"

"Nina haya mayai tu, mzee."

"Nusu yatanitosha. Mimi sina tamaa."

"Utayala sasa hivi?"

"Kwani umeniona na kapu?"

Uduvi akasita. Nyuma wakamzomea: "Dada, fikiria pembeni!"

Akasogea pembeni. Hapo Mnyoo akachomoza kichwa kati ya kokoto mbili, amelowa chepechepe.

"Jamani, huku juu kunagawiwa nini?"

"Tunasubiri mlango wa kwenda kwenye maji."

Mnyoo alicheka mpaka akajifunga fundo. "Dada yangu, huu ni mchanga! Kila mahali ni mlango. Kaa ndiye anayehitaji shimo. Wewe una kiuno."

Uduvi akapenyeza sharubu kati ya kokoto. Zikagusa baridi. Akasukuma kichwa, akavuta tumbo taratibu, akapita.

"Pitieni popote!" akaita kutoka chini.

Foleni ikayeyuka.

"Rudini! Huu si utaratibu!" Kaa alifoka. Hakurudi mtu.

Jumatano maji yakashuka zaidi. Kaa naye akataka kuyafuata. Shimo lilikuwa lilelile, ila tumbo lake lilikuwa limejaa mayai ya watu. Akakwama mlangoni.

Alhamisi Fisi alikuja kuchimba maji.

"Panga foleni!" Kaa alimkemea, kwa mazoea.

Fisi hakuwahi kupanga foleni maishani mwake.

Mvua ilinyesha Jumapili ya pili, alasiri. Uduvi alipanda juu na watoto thelathini na tisa; yai moja halikuanguliwa. Kwenye shimo la Kaa yalikutwa magando mawili.