Fundi wa Ukumbi wa Bi Zulekha

Hapo zamani, na wala si zamani za majini na wafalme, ni zamani za juzi tu, simu watu wanazo mikononi, palikuwa na fundi wa mashine za ubaridi akiitwa Mbaruku. Mji wake ulikuwa mji wa joto. Joto lile, jamani! Unaanika kanga, hujamaliza kuibana upande wa pili, wa kwanza umeshakauka. Kuku mchana kutwa wamejilaza chini ya mtungi, midomo wazi. Basi fundi wa ubaridi katika mji ule alikuwa mtu. Akipita njiani, anasalimiwa hata na wale wasiosalimiana.

Mbaruku alikuwa na mwanafunzi wake, Kombo. Mbaruku alimfundisha mwenyewe, tangu hajui spana ishikwe wapi, mpaka akawa fundi kamili na gari lake la kazi. Na Mbaruku alikuwa na mke, Mwanakheri, aliyemzalia binti, Swafiya. Mke hakumfundisha. Mke alikuwa akimshikia tochi tu na kumpa spana. Miaka kumi na moja, tochi na spana, tochi na spana. Kumbe mwenzenu macho hayakuwa kwenye tochi, yalikuwa kwenye kazi.

Siku hiyo Mbaruku akateleza juu ya paa la watu, akaanguka, mguu ukavunjika mahali pawili. Akalazwa ndani. Na joto halimngoji mtu apone. Watu wakamwita Kombo. Na zile nyumba ambazo waume wamesafiri, wanawake wako peke yao, wakasema, "Fundi mwanamume ataingiaje humu? Tuleteeni Mwanakheri." Mwanakheri akaenda, akafungua, akaosha, akafunga, ubaridi ukatoka. Ikawa simu ikilia nyumbani, Mbaruku akipokea, anaulizwa, "Mama Swafiya yupo?" Mguu wake hawauulizi. "Mama Swafiya yupo?"

Lile swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, mjini mle palikuwa na ukumbi wa harusi wa Bi Zulekha. Ukumbi mkubwa, na mashine yake moja kubwa, nusu iko ndani, nusu iko nje. Bi Zulekha akatangaza: "Nimechoka na mafundi wa kuokota. Siku nitakayomwoza mjukuu wangu Salha, atakayenipozea ukumbi ndiye fundi wangu wa kudumu. Na namtaka mmoja. Sitaki nimpigie huyu, aniambie muulize yule."

Kombo akaitaka kazi ile. Mwanakheri akaitaka. Lakini Mbaruku aliitaka kuliko wote. Aliona akiikosa, basi ufundi umemtoka, amebaki mume wa Mwanakheri.

Siku ya harusi ikafika. Ilikuwa siku ya wanawake, ya kumtoa bibi harusi aonekane. Humo ndani watu wamevua mabuibui, nywele wazi, dhahabu shingoni. Mwanamume hata kuchungulia hachungulii. Adhuhuri ilipopita tu, mashine ikaanza kutoa joto. Wanja ukawashuka wanawake mpaka mashavuni.

Mwanakheri alikuwamo ndani, mwalikwa. Akapanda juu ya meza, akashika mashine ya ndani. Kombo akaitwa, akapanda mabati ya baraza, akashika mashine ya nje. Mbaruku hakuitwa na mtu. Akachukua magongo yake, akajikokota mpaka nyuma ya ukumbi, akakaa kwenye kiti, pale mpira wa kutolea maji ya mashine unapoishia. Alikwenda kulinda nini? Mke, au kazi? Hata mwenyewe hakujua. Kombo alimwona kutoka juu, akamwamkia kwa kichwa, akaendelea na lake.

Basi mmoja yuko ndani, mmoja yuko juu, mmoja yuko kitini.

Ukutani palikuwa na tundu, bomba za shaba zinapita kutoka ndani kwenda nje. Kombo akatia mdomo tunduni. "Fundi Mwanakheri, unanipata?"

Mbaruku akashtuka kitini. Fundi? Jana si alikuwa shemeji?

"Nakupata," sauti ya mkewe ikajibu. "Nimefungua kifuniko. Kumeganda barafu, nyeupe pepepe."

"Barafu? Basi gesi imepungua hiyo. Ngoja niongeze."

"Angalia usiteleze na wewe, tukawa na viwete wawili!"

"Nikianguka utanishikia magongo."

Mwanakheri akacheka. Mbaruku akakisikia kile kicheko, akakipima. Kwake yeye hajacheka hivyo tangu mwaka juzi.

Akaushika ule mpira, mkavu. Akauminya, likatoka tone moja tu, jeusi, linanata. Akalinusa kidoleni. Udi! Hapo akajua yote. Wanawake wamefukiza udi chini ya mashine. Moshi umepanda, umegandamana kwenye chujio, mashine imekosa pumzi, ndiyo ikaganda. Gesi imo tele. Na mashine yenye gesi tele ukiiongezea nyingine, unaiua.

Alijua, akanyamaza. Akajiambia, "Mwache aongeze. Iungue. Watakuja kuniita hapa hapa kitini."

Ndani wakapiga kelele: "Maji! Leteni maji! Bibi harusi ameanguka!" Mbaruku akasikia, akanyamaza. Spana ya Kombo ikaanza kwenye koki ya gesi, kri, kri. Mbaruku akasikia, akanyamaza. Mara sauti ya mkewe ikatoka tunduni, ya chini: "Kombo, mimi moyo wangu hauko sawa na hiyo gesi. Angekuwapo Baba Swafiya hapa, angejua."

Kombo akamtazama mwalimu wake pale chini. Asiseme kwamba yupo. Akazungusha spana, kri.

Ulimi wa Mbaruku ukafunguka wenyewe. "Kombo! Funga koki! Zima mashine ya nje! Mwanakheri, nipo hapa! Usiiguse barafu kwa kisu. Acha feni ya ndani ipulize mpaka iyeyuke. Chujio litoe, ulioshe kwa sabuni. Ni udi huo!"

Mwanakheri na gauni lake la kualikwa, maji ya barafu yakamwingia mikononi mpaka kwapani. Chujio akaliosha kwenye karai la pilau. Akakausha, akarudisha. Wakawasha. Sasa feni ya nje ikagoma kuzunguka. Kombo akaisukuma kwa kijiti, ikazunguka. Ikasimama, akaisukuma. Ikasimama tena, akaisukuma tena. Akasimama juu ya mabati yale ya moto tangu mchana mpaka jua linazama, nyayo zikamtoka malengelenge. Ubaridi ukashuka. Salha akazinduka, akapambwa upya, akatolewa, vigelegele vikapigwa mpaka watu wa soko wakasikia.

Watu walipotawanyika, Bi Zulekha akawaita wote watatu uani. "Haya, semeni. Nani amenipozea ukumbi?"

Kombo akasema, "Mimi, bibi. Tazama nyayo zangu. Ningeshuka mara moja tu, mjukuu wako angeanguka mara ya pili."

Mwanakheri akasema, "Mimi, bibi. Humu ndani angeingia nani? Hata wangekuwa mafundi mia, wangesimama mlangoni. Na siku zote zijazo zitakuwa hivyo hivyo."

Mbaruku akasema, "Mimi. Mikono walikuwa nayo, hawakujua waipeleke wapi. Bila neno langu mngekuwa na chuma kilichokufa."

"Neno lako!" Kombo akaruka. "Neno lako ulikuwa nalo toka zamani. Nilikuona ukinusa kidole. Bibi harusi anaanguka, wewe kimya!"

Mwanakheri akamgeukia mumewe. "Kweli, Baba Swafiya?"

Mbaruku akainamisha kichwa. "Kweli. Mlikuwa mnacheka." Kisha akakiinua. "Lakini yeye aliniona niko pale. Ulipotaka ushauri wangu, alikwambia nipo?"

Kombo akatazama nyayo zake. Halafu akasema, "Kila siku ni mwanafunzi wa Mbaruku, mwanafunzi wa Mbaruku. Nilitaka siku moja tu niwe Kombo."

"Na huo udi," Bi Zulekha akauliza, "nani aliuweka chini ya mashine yangu?"

Hapo Mwanakheri akaanza kufinyafinya ncha ya mtandio. "Mimi, bibi. Mke wa Kombo alikuja na udi wake, ukumbi mzima unamsifu yeye. Nikaleta wangu, nikauweka penye upepo, ili kila pua inuse wa kwangu. Moshi ule nilijua ni mbaya kwa mashine. Nilijua."

"Ewe Mola!" Bi Zulekha akasema. "Kumbe joto halikuwa la jua."

Akawatazama. Mmoja alijua, akaficha ujuzi wake. Mmoja aliuponya ukumbi kwa mikono ile ile iliyouharibu. Mmoja aliungua nyayo, lakini alimficha mwalimu wake na nusura aiue mashine. Na kazi ni moja. Akimpa Kombo, nyumba ya Mbaruku italala na machungu mawili. Akimpa mke, mume atarudi kupokea simu za watu. Akimpa mume, mlangoni siku ya wanawake ataingia nani? Na mguu wake haujapona.

Bi Zulekha akatoa simu yake. Akasema, "Jina nitakaloandika humu ndilo la fundi wangu." Wote watatu wakanyoosha shingo kutazama kidole chake.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Simu iko mikononi mwenu sasa. Je, nani alistahili? Mngeandika jina la nani?