Mbegu ya Kwanza ya Mtemi Kiboko

— Paukwa!

— Pakawa!

— Wote mpo? Hata Limi anayesinzia?

— Sisinzii, bibi!

Haya. Zamani sana, wanyama walipokuwa na watemi wao, na watemi walipokuwa na watumishi wengi kuliko kazi, palikuwa na nchi ya Mtemi Kiboko. Nchi hiyo ilikuwa na mila moja kubwa: hakuna kupanda mpaka mbegu ya kwanza itoke kwa Mtemi na kuangukia udongoni. Anayemtangulia Mtemi hufukuzwa nchini.

Mwaka huo mvua ikanyesha. Siku moja, siku mbili, siku saba. Mtemi hajapanda. Mama Kwale, mjane mwenye vifaranga tisa, alikuwa na kibuyu kimoja tu cha mtama wa mbegu. Vifaranga wanakitazama kibuyu, yeye anawatazama vifaranga. Mvua ikikatika kabla ya kupanda, wataila mbegu, na wakiimaliza hawana kingine cha kupanda.

Akaenda kwa Nyumbu, Mtunza Jembe la Mtemi. Akaimba:

*Mvua haikai, mvua yapita,*
*Bwana, tutoleeni jembe tupande!*

"Shemeji," akasema Nyumbu, "jembe halitoki kabla ngoma haijalia. Nenda kwa Mbuni."

— Jembe likatoka?

— Halikutoka!

Akaenda kwa Mbuni, Mtunza Ngoma. Akamkuta ameikalia ngoma kama yai. Akaimba:

*Mvua haikai, mvua yapita,*
*Bwana, tupigieni ngoma tupande!*

"Ngoma hailii kabla mbegu haijachaguliwa," akasema Mbuni. "Au unataka niipige ya harusi yako? Nenda kwa Nungunungu."

— Ngoma ikalia?

— Haikulia!

Akaenda kwa Nungunungu, Mtunza Mbegu. Akaimba, sauti imeanza kukauka. Nungunungu akajikuna mwiba mmoja baada ya mwingine.

"Mbegu haichaguliwi kabla jembe halijatoka, mama. Anza kwa Nyumbu."

"Nimetoka kwa Nyumbu!"

"Vizuri. Basi njia unaijua."

— Sasa bibi, nani anaanza? aliuliza Ngolo.

— Ungezaliwa enzi zile, mjukuu wangu, ungefukuzwa nchini kwa swali hilo.

Mama Kwale akarudi nyumbani, akalia kidogo, akapangusa machozi. Darini palibaki tikiti moja la mwaka uliopita. Akalibiringisha mpaka kwa Mtemi.

Mtemi Kiboko alikuwa ameketi uani, miguu matopeni. Akaguna. "Una shida gani wewe?"

"Sina shida, Mtemi wangu. Nimeleta tikiti tu."

Mtemi nusura aanguke. Tangu atawazwe hajawahi kuona mgeni asiye na shida! Akalipasua tikiti, akatafuna, akatema kokwa.

— Pu!

— Pu! Pu! Pu! wakaitikia watoto, na Limi akamtemea Ngolo kweli.

Kokwa zikazama kwenye udongo uliolowa. Mama Kwale akapiga vigelegele, nchi nzima ikasikia: "Mtemi kapanda! Mbegu imetoka kwa Mtemi, imeangukia udongoni!"

Watunzaji watatu wakaja mbio.

"Jembe halijatoka!" akafoka Nyumbu.

"Ngoma haijalia!" akafoka Mbuni.

"Mbegu yenyewe sikuichagua mimi!" akafoka Nungunungu.

"Sawa," akasema Mama Kwale. "Mtemi huyu hapa. Mwambieni azifukue alizotema, azirudishe mdomoni, muanze upya."

Nyumbu akamtazama Mbuni. Mbuni akamtazama Nungunungu. Nungunungu akatazama mawingu. Mtemi akatafuna kipande kingine, pu!

Mbuni akarudi polepole kwenye ngoma yake, akaipiga.

Siku hiyohiyo wote wakapanda, na vifaranga tisa wakafukia mtama kwa miguu yao wenyewe. Nao watunzaji wakakaa baraza siku tatu, wakateua mtumishi wa nne: Mtunza Tikiti.

Basi wanangu, mila ile iliwekwa ili watu wapande pamoja na wale pamoja. Mila ikianza kuwalaza watoto na njaa, iulizeni maswali, tena kwa sauti.

Nami hapo niliwaacha wakipanda, nikaja zangu kuwasimulia. Hadithi imekwisha. Ngolo, jipanguse uso.