Eneo Salama la Mheshimiwa Fisi

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya mbugani, likabaki dimbwi moja. Bi Swala alikuwa na mtoto wa juzi tu, miguu bado inamtetemeka, na maziwa yameanza kumkauka kwa kiu. Akienda na mtoto majini, Simba yuko pale. Akimwacha, Fisi yuko huku.

Ukaitishwa mkutano wa mataifa yote. Simba akasema dunia haina mwenyewe, mwenye meno ndiye mwenye maji, akapiga miayo. Twiga, ambaye kichwa chake hakijafika chini siku nyingi, akasema tukifunga mkataba tutakuwa ndugu.

Fisi akasimama, mate yakimdondoka kwa huruma. "Kina mama wakinywa, watoto wakae kwenye lile korongo. Tuliite Eneo Salama. Nitalilinda mimi, tena bure."

"Bure," Twiga akarudia, akifuta machozi.

Bi Swala akamgeukia Sungura, maneno yakimtoka mbio. "Shemeji, wamesema Fisi? Fisi huyuhuyu? Na wote wanaitikia, nikikataa nitaambiwa napinga amani, sasa nifanyeje, na mtoto ana njaa, shemeji?"

"Pumua kwanza. Usikatae, omba usawa. Uliza kama watoto wa mkubwa nao watalindwa."

Bi Swala akauliza. Simba akafumbua jicho.

"Kwani wangu ni wa daraja la pili? Wataingia wa kwanza."

"Mheshimiwa, wako hawana haja ya..."

"Nimeshasema, Fisi."

Alfajiri watoto wakaingia korongoni. Mke wa Simba, aliyeshiba nyati wa jana, akajilaza kwenye nyasi karibu na wanawe. Naye ni mama, hakumwamini mlinzi. Fisi hakumwona. Alikuwa ameenda kualika wakwe zake karamuni.

Akarudi nao na, kama kawaida yake, akauma kabla ya kutazama. Alichouma kilikuwa mkia wa mke wa Simba.

Wakwe walitoka korongoni mbio. Fisi alitoka pia, ila bila sikio, na tangu siku ile hajajitolea tena.

Pale dimbwini Twiga akatangaza kwamba mkataba umefanya kazi. Simba akasema ni meno. Wakabishana hadi jua likazama, kila mmoja na wafuasi wake.

Bi Swala hakungoja kujua nani kashinda. Alikuwa ng'ambo ya kilima, tumbo limejaa maji, mtoto ananyonya, na masikio yake yote mawili ameyaelekeza kule dimbwini.