Waliokuja Kumwona Mgonjwa

Barazani alikuwapo Bwana Ezekia Mwalwisi, mzee wa kanisa. Alikuwapo Bibi Tumpe Kasyupa wa umoja wa wanawake. Alikuwapo Bwana Anyosisye Mwasongwe, mdogo wa mgonjwa, baba mmoja mama mmoja. Na alikuwapo jirani yao, Bwana Lwitiko Sanga, fundi cherehani. Wote hao, ndugu zangu, walikuja kumwona Mzee Ambokile Mwasongwe, aliyelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

Mkewe, Mama Lusajo, aliwasikia kutoka jikoni. Hawakuuliza mgonjwa ameamkaje. Walikuwa wakimtazama mbuzi aliyefungwa uani.

"Shemeji," Anyosisye akaita, "yule naye anangoja sikukuu gani?"

"Anangoja kukamuliwa. Kaka yako hapitishi kitu kooni ila maziwa yake."

"Mgeni hashibi maneno, mama," Bibi Tumpe akachombeza. "Au tukatangaze kwenye umoja kwamba hapa tumeshindishwa njaa?"

"Katangazeni. Mbuzi hachinjwi."

Akarudi jikoni. Maharage alikwisha kuyachemsha asubuhi. Akakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta ya alizeti, akatia bizari na pilipili, akamimina maharage, akayaponda kwa mwiko mpaka yakashikana, akakamulia ndimu. Nyama hakutia, siagi hakutia, hata tone la maziwa hakutia. Maziwa yalikuwa na mwenyewe. Akakoroga unga wa ngano kwa maji na chumvi, akapika chapati za maji, akajaza maharage katikati, akakunja. Sinia lilifika barazani chai yao ikiwa bado ya moto.

"Maharage!" akasema Bwana Ezekia. "Kwani sisi ni wanafunzi wa bweni?"

"Wanafunzi wa bweni husali kwanza, mzee, ndipo wakalalamika."

Fundi akacheka, akala. Wote wakala, sinia likarudi tupu. Wakajifuta midomo, wakaaga, wakashika njia wakinung'unika habari za mbuzi.

Mama Lusajo akaingia chumbani na kikombe cha maziwa.

"Nimesikia watu," mgonjwa akasema. "Nani na nani wamekuja?"

Akamtajia mmoja mmoja, kama nilivyowatajia ninyi.

"Mbona sikuwaona?"

Angeweza kumdanganya. Hakumdanganya.

"Wamekuja kula, Baba Lusajo. Wameshiba, wameondoka."

Mzee akageukia ukutani. Maziwa yale hakuyanywa.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa: siku ile nani alimnyima mwenzake chakula? Ni yule mama aliyeandaa maharage? Au ni sisi, tuliokaa karibu na pazia na tusilifunue? Tunajisifu kwamba tunazuru wagonjwa. Tunazuru majiko yao! Siku ya hukumu hatutaulizwa tulilishwa nini. Tutaulizwa tulimwona nani. Na yeyote atakayesema kwamba mama yule ni mchoyo, aje aniambie mimi, hapa mbele, watu wote wakisikia.

Wala wiki hii asiende mtu kwake kuulizia nyama ya matanga. Mpelekeeni unga, mpelekeeni kuni, kaeni naye. Mbuzi bado hachinjwi.

Mzee Ambokile Mwasongwe alifariki jana alfajiri.