Pigo la Yatima katika Nchi ya Ukele

Niwape, nisiwape?

— Tupe, Bibi, tupe!

Nikiwapa kisa mtakipokea kwa makelele au kwa masikio?

— Kwa masikio!

Haya. Sogeeni, na kila mtu avute ungo wake, maana mdomo wangu hausimulii bure na mchele huu una mawe. Hamdu, wewe unayemtukana tangu asubuhi yule kijana wa timu ya taifa aliyekosa penalti jana, kaa hapa karibu yangu. Hapana, karibu zaidi. Kisa cha leo ni chako, wenzako wanaonja tu.

Hapo kale, kale yenyewe, siyo kale ya babu yenu, kale ya babu wa babu yenu alipokuwa hajazaliwa wala hajafikiriwa, wakati kuku walikuwa na meno na mbuzi wakiamkiana asubuhi kwa adabu kuliko nyinyi, palikuwa na nchi ikiitwa Ukele. Na watu wa Ukele walipenda mpira. Jamani, walipenda mpira! Wakiamka mpira, wakila mpira, wakizikana wanarudi njiani wanazungumza mpira. Na mpira wenyewe haukuwa huu wenu wa dukani. Ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, yamesokotwa, yamefungwa kamba, na ukipigwa vizuri unalia tii! Ukipigwa vibaya unalia pwaa!

Kila mavuno yakiisha, nchi zote zilikutana kwenye uwanda mmoja mkubwa kushindana. Na mashindano yale hayakuwa na huruma. Ukifungwa mara moja, umekwisha. Fungasha sufuria zako, rudi kwenu. Na kama jua likizama timu hazijafungana, kila nchi ilitoa mtu mmoja, akasimama peke yake mbele ya kipa, akapiga. Nyinyi mnaita penalti. Wao waliita Pigo la Yatima, kwa sababu mpigaji pale hana baba wala mama. Yuko yeye, mpira na kipa, basi.

Sasa sikilizeni mila ya Ukele, na msicheke. Wazee wao waliwaambia kwamba macho ni mazito. Macho ya watu wengi yakiuangukia mpira mmoja, mpira unalemewa, hauendi unakotumwa. Kwa hiyo mwenzao alipokwenda kupiga Pigo la Yatima, Ukele nzima iligeuka. Wanaume, wanawake, watoto, hata Jumbe wao mwenyewe na kiti chake, wote walitazama nyuma. Wakawa wanasikiliza tu. Wakisikia shangwe upande wa wapinzani, wamejua mwenzao amekosa. Na aliyethubutu kutazama, huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa ameulemea mpira.

— Bibi, hata kuchungulia?

Hata kuchungulia, Hamdu. Hata kwa jicho moja.

Tena walikuwa na sheria nyingine, hii ilikuwa mbaya, mimi siipendi hata kuitamka. Mtu aliyesababisha nchi ifungwe alinyang'anywa jina. Hakupigwa, hakufungwa, hakutozwa kitu. Jina tu lilichukuliwa. Tangu siku hiyo aliitwa Yule. Yule amepita. Mpeni Yule maji. Hakuna wa kumwamkia kwa jina, hakuna wa kumwita kwenye ngoma, na akifa anazikwa hivyo hivyo, Yule. Mnaona ni jambo dogo? Ngojeni siku mpite njiani na asiwepo hata mtu mmoja wa kuwaita.

Basi mwaka mmoja Ukele walikutana na Wang'ambo, watu wa upande wa pili wa mto. Walicheza mpaka vumbi likawa jekundu, na jua likazama hawajafungana. Wang'ambo wakapiga pigo lao. Tii! Likaingia. Zamu ya Ukele ikafika, na aliyetolewa alikuwa kijana mmoja mpole, mwembamba, mwenye mbio, jina lake Chande mwana wa Bi Tatu. Jina hilo lilikuwa la baba yake Bi Tatu, marehemu, na Bi Tatu alikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

Chande akasogea. Ukele nzima ikageuka. Wakategea masikio. Wakasikia... pwaa! Halafu ng'ambo ikalipuka kwa vigelegele.

Ukele wakarudi kwao vichwa chini, kama watu waliotoka kuibiwa. Njia nzima hakuna aliyesema. Lakini walipofika! Walipofika, midomo ilifunguka, na ilifungukia kwenye baraza la kahawa la Mzee Mwinshehe. Huyu Mzee Mwinshehe alikuwa na goti bovu tangu utotoni, hajawahi kuugusa mpira hata siku moja, na hapakuwa na mtu Ukele aliyeujua mpira kumzidi. Muulizeni, atawaambia mwenyewe.

"Mimi nilimwona," alisema Mzee Mwinshehe, huku anamimina kahawa. "Nilimwona kwa macho yangu haya. Alirudi nyuma mno! Mpigaji akirudi nyuma mno anapata nafasi ya kufikiri, na mpira hautaki mtu anayefikiri."

"Siyo hivyo, Mzee," akadakia Kirobo, mchonga ngoma, mwanamume mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba. "Hakurudi nyuma hata kidogo. Kosa ni dole. Alipigia ncha ya dole! Mpira wa mgomba unapigwa kwa ubavu wa mguu. Ningekuwa mimi pale..."

"Wewe, na tumbo hilo?"

"Tumbo halipigi mpira, Mzee!"

"Basi lingemziba kipa asiuone!"

Watu wakacheka, kashata zikapita, na mwingine akaingia, na mwingine. Huyu alimwona Chande akimchekea kipa. Huyu alimwona akitetemeka magoti. Huyu aliona kabisa, wallahi, mguu wa kushoto ulitangulia mahali pa wa kulia, na akasimama kuonyesha, akamwaga kahawa ya mwenzake. Nchi nzima ikawa na wataalamu. Kisimani wataalamu, msibani wataalamu, hata mkunga akimzalisha mtu alikuwa anaeleza namna mpira ulivyopaswa kupigwa.

— Lakini Bibi, si walikuwa wamegeuka?

Tunu, mjukuu wangu, una akili kuliko Ukele yote, lakini funga mdomo, usiniharibie kisa.

Ubishi ukakua mpaka ukamfikia Jumbe Kibwana, aliyetawala Ukele. Jumbe akaitisha mkutano uwanjani. Watu wakaja wote, na katikati yao wakamsimamisha Chande. Alikuwa amekonda. Tangu arudi hakula sawasawa, na alikwisha kusikia watoto wakijaribu kumwita Yule kwa siri, waone linavyosikika. Iliniuma niliposimuliwa kisa hiki mara ya kwanza, na inaniuma mpaka leo.

"Chande," Jumbe akasema, "watu wanasema wewe ndiye uliyeifungisha nchi. Unasemaje?"

"Sina la kusema, Jumbe. Mpira nilipiga mimi."

"Mnasikia? Amekiri!" akapiga kelele Kirobo. "Achukuliwe jina!"

"Achukuliwe jina! Achukuliwe jina!"

Hapo Bi Tatu akatoka upande wa wanawake. Akajifunga kanga kiunoni, akaja mpaka mbele ya Jumbe, akapiga goti, akasimama.

"Shikamoo Jumbe."

"Marahaba, Bi Tatu."

"Jina mnalotaka kulichukua ni la baba yangu, nililitoa mimi. Kabla hamjalichukua, mniruhusu niulize swali moja tu. Mpira ulikwenda wapi?"

"Ulikwenda juu!" alisema Mzee Mwinshehe bila hata kupumua.

"Juu wapi? Ulikwenda pembeni!" alisema Kirobo.

"Kipa aliudaka!"

"Uligonga mlingoti, mimi niliuona!"

"Ulipasuka! Majani yalitawanyika!"

Ikawa vurugu. Huyu anavuta kanzu ya yule, yule anamwita huyu mwongo. Bi Tatu akatulia, akangoja, kama mtu anayengoja chungu kichemke. Kisha akamgeukia Jumbe.

"Jumbe wetu, naomba walioona kwa macho yao wasogee upande huu. Ndio watakaotoa ushahidi."

Mzee Mwinshehe akainua mguu. Akaushusha. Akainua tena lile goti bovu, halafu akakumbuka, na kijasho kikamtoka. Mnaona alichokumbuka? Akisogea, ndio kusema alitazama. Na aliyetazama ndiye aliyeulemea mpira, ndiye aliyeifungisha nchi, na jina lake litakwenda pale pale. Asiposogea, hakuona kitu, na maneno yote aliyomwaga na kahawa yake ni upepo.

"Mzee Mwinshehe," akasema Jumbe, "mbona husogei? Si ulisema uliona?"

"Ah... Jumbe... niliona kwa... kwa mgongo."

"Na wewe Kirobo?"

"Mimi nilisimuliwa na Mzee Mwinshehe."

 Kila mtu alitazama chini, akakuta miguu yake inampendeza sana. Ukele nzima, wataalamu wote wale, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona.

Jumbe akakuna kidevu. Akamwita Chande karibu. "Basi wewe mwenyewe, mwanangu. Wewe huna kosa kutazama, wewe ndiye mpigaji. Tuambie mpira ulikwenda wapi."

Chande akasogea. Akamtazama mama yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sijui, Jumbe. Nilifumba macho."

"Ulifumba macho? Unapiga?"

"Mimi pia ni mtoto wa Ukele. Tangu nazaliwa sijawahi kulitazama Pigo la Yatima. Mmenifundisha kwamba macho yanaulemea mpira. Niliposimama pale sikuona hata uso mmoja, migongo mitupu nchi nzima, nami nikaogopa. Nikafumba."

Watu walishika vinywa. Mzee mmoja akacheka, halafu akalia, na wanawake wakaanza kulia naye. Bi Tatu hakulia. Alimshika mwanawe mkono, akasimama naye.

"Sheria ni sheria," Jumbe akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya aibu. "Aliyeifungisha nchi apoteze jina. Na walioifungisha ni hao waliogeuka. Nami niligeuka, na kiti changu. Basi kuanzia sasa hakuna mwenye jina Ukele. Sote ni Yule."

Eh! Hapo ndipo mlipaswa kuwapo. Mama anaita sokoni, "Yule, njoo ubebe kikapu!" na soko zima linamjia. Mgonjwa anaulizwa jina na mganga, anasema Yule, anapewa dawa ya Yule mwingine, anaharisha wiki nzima. Ikafika harusi. Sheikh amekaa, wali umeiva, anasema, "Nimemwozesha Yule binti Yule kwa Yule bin Yule," na wanaume wote ukumbini wakaitika, "Nimekubali!" Hata Kirobo, mwenye wake wawili, aliitika. Mkewe mkubwa alimtoa nje kwa sikio.

Basi mwezi ulipoandama watu wakaenda kwa Jumbe, wakapiga magoti. "Jumbe, tumekoma. Tumejua uzito wake. Turudishie majina yetu, na la kijana wetu lirudi la kwanza." Jumbe alikuwa anangoja hilo tu, maana hata yeye aliulizwa jina mlangoni kwake, akasema Yule, na walinzi wake wakamfukuza. Akasimama, akasema kwa sauti kubwa, "Chande mwana wa Bi Tatu!" Na kijana akaitika, "Labeka!" Ndipo wengine wakafuata. Sheria ile ikafa siku hiyo, na mila ya kugeuka ikafa nayo.

Mavuno yakaja, mashindano yakaja, na mnajua walikutana na nani? Na Wang'ambo. Jua likazama hawajafungana. Wang'ambo wakapiga, tii! Likaingia. Na Jumbe akamtoa nani kupiga la Ukele? Chande.

Chande akasogea. Akaweka mpira chini. Akageuka kuwaangalia watu wake, na kwa mara ya kwanza tangu Ukele iwe Ukele, aliona nyuso. Nyuso zote! Jumbe kwenye kiti chake, Kirobo na tumbo lake, mama yake mbele kabisa, wote macho wazi, wengine machozi yanawatoka kwa kutopepesa. Hakufumba. Akarudi nyuma, akaja, akapiga. Tii!

— Likaingia, Bibi?

Kipa wa Wang'ambo akaruka. Akaruka kama paka, akanyoosha mkono, akaunyoosha mpaka mwisho wa mkono, na kwa ncha ya vidole akautoa nje.

— Aaah, Bibi!

Ndiyo. Wakafungwa tena. Mlidhani nitawadanganya? Lakini ngojeni. Ukele hawakugeuka. Halafu Mzee Mwinshehe akaanza kutembea, goti bovu lile lile, akaingia uwanjani, akachechemea mpaka kwa kijana aliyekuwa amekaa chini. Akamwinua.

"Chande, mwanangu," akasema, "nimeona. Umepiga vizuri. Yule kipa ndiye aliyeruka vizuri zaidi."

Na nyuma yake nchi nzima ikaja, na kila aliyefika alisema hivyo hivyo, nimeona, Chande, nimeona. Wakamrudisha nyumbani mabegani, wakiwa wamefungwa, wakiimba.

Ndiyo mjue, wajukuu zangu: kabla hujamhukumu mtu kwa kilichomshinda, jiulize kama ulikuwa unamtazama alipokuwa anahangaika, au ulimpa mgongo ukasubiri kusikia. Na wewe Hamdu, uliyemwita yule kijana wa timu ya taifa mguu wa mbao, jana penalti zilipoanza nilikuona mimi. Ulikuwa nyuma ya kochi, umejifunika mto usoni, unauliza, "Amepiga? Amepiga?"

— Bibi...

Bibi nini? Alipiga vipi, hebu tuambie, mtaalamu.

— Sikuona, Bibi.

Haya. Nilichotumwa nimekifikisha, la mdomo limekwisha, la moyo ni lenu. Kisa kimekwenda kwao Ukele, nasi tubaki kwetu na mchele wetu.