Tetea Aliyenyonyoka

Mwanamke mmoja, Kalunde, alikuwa na kuku kumi na tisa. Kideri kikapita, ule ugonjwa usiobisha hodi, na asubuhi ya tatu akabakiwa na tetea mmoja mwekundu. Akasema banda litajaa tena kwa huyu huyu, maana jogoo wa jirani yupo. Tumaini jingine hakuwa nalo.

Mvua zilipokatika, tetea akaacha kutaga. Kisha manyoya yakaanza kumtoka: shingoni kwanza, halafu kifuani, mgongoni, mwisho mabawani. Yakaondoka yale magumu ya juu yanayomwaga mvua, yakaondoka na yale laini ya ndani yanayotunza joto. Jamani, alitisha! Majirani wakachungulia banda, wakashika viuno. Watu wa mchuzi hawakosekani popote. Wakasema kideri kimerudi, mchinje leo kabla hajafa, angalau watoto wapate kitoweo.

Kalunde akakataa katakata. Alikuwa amemtazama vizuri: jicho la tetea lilikuwa safi, na hamu ya kula anayo. Basi kila asubuhi akavunja kichuguu, akamletea mchwa. Dagaa wakinunuliwa, vichwa vyote vilikuwa vya kuku. Alichekwa, akaendelea.

Baada ya wiki mbili ngozi ikaota vijiti vyeusi, kila unyoya umefungwa ndani ya ala yake kama jani la mgomba ambalo halijafunguka. Mumewe, Magembe, akamwonea huruma. Naam, huruma! Siyo kila anayeumiza ana roho mbaya. Akampakata tetea, akaanza kuzimenya zile ala kwa kucha, ili manyoya yafunguke haraka. Kijiti kimoja kikakatika. Damu ikaruka mpaka kwenye shati lake, maana unyoya unaoota umejaa damu ndani, nayo hukauka pale tu unapomaliza kukua. Tetea akapiga kelele, kisha akalegea.

Kalunde akaja mbio. Akabana jeraha kwa vidole viwili, akapaka unga, akabana tena mpaka damu ikakata. Akamwambia mumewe, "Baba Nshoma, huyu ana mdomo wake. Siku yake ikifika, atajifungulia mwenyewe."

Siku tatu tetea hakula. Kalunde hakuacha kumwekea mchwa, asubuhi na jioni, na jioni alikuwa anawaondoa wamekauka. Siku ya nne akadonoa mmoja. Mwezi ukapita. Ala zikakauka, na tetea akawa anazichambua kwa mdomo wake, moja moja, bila haraka ya mtu. Akavaa. Akataga, akalalia, akatoka na vifaranga wanane.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotikisa vichwa. Ndugu yetu Maganga ameacha pombe, leo ana wiki tatu. Yuko kwake, analala kwa shida, chakula kinamshinda. Nanyi mmeniletea jina lake kwenye karatasi, kwa furaha kabisa, asimame hapa mbele Jumapili ijayo atoe ushuhuda. Akianza kutoka damu, nani kati yenu atakuwa wa kumbana jeraha?